Glayeli za Mapacha

Nilipofika nyumbani Kolwezi kutoka Lubumbashi, mwishoni mwa mwezi wa saba mwaka 1982, mama hakunipa hata nafasi ya kuweka sanduku chini. Alinishika mkono, akanipitisha kando ya jiko, akanifikisha kwenye tuta la mwisho la bustani yake, lile lililopakana na uzio wa mabati. Hapo akachuchumaa, akapangusa vumbi kwenye shina moja la ua la glayeli lililokuwa limekatwa, akasema:

"Angalia mwenyewe. Weye njo unasoma."

Nikachuchumaa kando yake. Shina lilikuwa limekatwa kwa mshazari, juu ya jani la nne, kama mama alivyotufundisha tangu utotoni, ili kitunguu kinachobaki ardhini kipate majani ya kukilisha. Mkato ulikuwa mbichi bado. Katikati yake, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, ulipita mstari mwembamba ulioinuka kidogo, mfano wa uzi uliolala chini ya ngozi.

Niliufahamu mstari ule. Hapakuwa na mtu wa nyumba yetu asiyeufahamu.

"Ndugu yako anakuya," mama alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba uzio ungeweza kusikia. "Anakuya mbele jua haiyatoka. Anakata moja, anaacha moja. Ile anaacha ni yako, Kabanga."

Alikuwa anatabasamu. Kwa miaka minne sikuwa nimeyaona meno ya mama yangu.

Jina lake ni Bilonda, ila mtaani hapakuwa na aliyemwita hivyo. Kwetu sisi Waluba wa Kasai, ambao mababu zetu waliletwa huku kuchimba shaba, mwanamke akizaa mapacha huliacha jina lake. Huitwa Mwambuyi, mama wa Mbuyi, na mumewe huitwa Shambuyi. Pacha atanguliaye kutoka huwa Mbuyi, na amfuataye huwa Kabanga. Mimi ndiye niliyefuata. Kwa hiyo, tangu Mbuyi apotee, kila aliyebisha hodi uani kwetu, na kila jirani aliyemsalimu baba akipita na baiskeli, alilitamka jina la ndugu yangu pasipo kuwaza. Sidhani kama ipo nyumba nyingine ambamo mtu aliyepotea huitwa mara nyingi hivyo.

Mbuyi alipokuwa akijifunza ufundi wa vyuma, alijitengenezea kisu kutokana na kipande cha msumeno. Kabla ya juma kwisha alikidondosha juu ya chuma, na makali yakapata pengo dogo. Pengo hilo ndilo lililoacha mstari. Mama alimsihi akinoe upya hadi pengo lifutike, kwa sababu shina lenye mkwaruzo halinywi maji vyema likiwa chomboni. Mbuyi alicheka tu. "Aa, mama, hii njo saini yangu. Minisita anasaini na kalamu, mi nasaini na kisu." Tangu hapo kila alipomsaidia mama kukata maua ya kupeleka kanisani, tuliyajua ya mkono wake kwa kuyagusa. Kisu chenyewe kilikaa mfukoni mwake mchana kutwa, kimeviringishwa katika kipande cha mpira wa baiskeli.

Kilikuwa mfukoni mwake siku ile ya mwezi wa tano mwaka 1978, vita vilipokuwa mjini. Alitoka kwenda Mutoshi kumtafuta mkewe, Latifa, aliyekuwa amelala kwa shangazi yake. Latifa alirudi kwa miguu kupitia njia nyingine. Mbuyi hakurudi. Watu walisema mengi: kwamba alichukuliwa na waasi waliorudi Angola kwa njia ya Dilolo, kwamba alionekana Kasaji akipakia magunia, kwamba alikuwa miongoni mwa waliolala kando ya barabara. Katika hayo yote, mama alichagua neno la Dilolo, akalishika.

Matanga hayakuwekwa. Baba ndiye aliyekataza. Ndugu walipokuja na mikeka yao, aliwasimamisha mlangoni na kuwaambia kwamba mtu asiyeonekana hawezi kulazwa. Wakarudi na mikeka yao mabegani.

Bustani ikaendelea. Masista wa parokia ndio waliomfundisha mama kuotesha maua ya kukatwa alipokuwa msichana, na udongo wetu mwekundu, akiulisha samadi, uliwapa wateja wake dalia, mayungiyungi meupe na zaidi ya yote glayeli. Kitunguu cha glayeli kina maisha ya ajabu. Kikishatoa ua hunyauka na kufa, na juu ya mgongo wake huzaliwa kingine kipya. Wakati wa kuchimbua unamkuta mtoto amekaa juu ya maiti ya mama yake, nawe unaibandua maiti na kuitupa. Mara nyingine huzaliwa wawili, wameshikana ubavu. Kila mkulima wa maua hufurahi kuwaona, kwani huwatenganisha na kupata mbegu mara mbili. Mama hakuwahi kuwatenganisha. Aliwapanda hivyo hivyo wameshikana, kwenye tuta la mwisho, ingawa maua yao yalitoka membamba kwa kubanana. "Nitabapasua juu ya nini?" alikuwa akisema. "Kwani bamenikosea?"

Ni katika tuta hilo tu ambamo kisu cha Mbuyi kilikuwa kikikata. Na katika kila jozi lilikatwa shina moja.

*

Latifa alikuja kesho yake alasiri. Binti wa Mzee Asani, msafirishaji ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka, na ushungi wake ulikuwa na vumbi la barabara. Ili amwoe, Mbuyi alikuwa amesilimu; kwa wakwe zake aliitwa Amadi. Jambo hilo lilikuwa limemchoma baba, na hadi vita vilipokuja walikuwa hawajakaa tena mezani pamoja.

Mama alimpokea Latifa kwa kumpeleka moja kwa moja kwenye tuta. Niliwaona wakichuchumaa, mama akimshika mkwewe kidole na kukipitisha juu ya mkato, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. Latifa aliitikia kwa heshima. Kisha alikuja jikoni nilipokuwa nikitwanga sombe, majani ya muhogo, akakaa juu ya kigoda, akasema bila kunitazama:

"Kabanga, wewe ulikaa naye tumbo moja. Kama amekufa, haungejua?"

Nilikuwa nimejiuliza swali hilo katika bweni, katika maktaba, katika chumba cha mtihani. Nilikuwa nimesikiliza ndani yangu, na ndani yangu kulikuwa kimya.

"Sijui, Latifa."

"Basi nani atajua?" Alichukua jani moja la sombe, akalikunja mara nyingi. "Baba anahamisha malori yake Dilolo. Shehe anasema miaka minne imetimia, niingie eda, halafu niko huru. Kuna mtu amekuja kuuliza, Feruzi, dereva. Si mtu mubaya. Ananifanya nicheke." Akajifunika mdomo kwa ushungi, kana kwamba kucheka kulikuwa kosa. "Lakini nitaingia eda ya nani? Nitamulilia namna gani mutu ambaye jana alikata maua? Na nikiolewa, halafu Amadi atokee kwenye uzio ule, nitakuwa nani mbele ya Mungu?"

"Mama anaamini," nilisema. "Anaamini sana."

"Na wewe?"

"Mimi naamini kwamba kuna mkono unaoshika kisu. Nitaujua ni wa nani."

Nilisema hivyo kwa ujasiri wa mwanafunzi. Nilikuwa nimetoka chuoni nikiwa na imani kwamba ukweli, ukishatamkwa, hujitengenezea mahali pake. Latifa alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Ujue haraka, wifi yangu. Tunaondoka mara tu baada ya sikukuu."

Sikukuu aliyoitaja ni ile ya tarehe mosi mwezi wa nane, siku ya wazazi, ambayo asubuhi yake ni ya wafu na mchana wake ni wa walio hai. Asubuhi watu hufagia makaburi. Mchana watoto huwapikia wazazi wao. Kwa mama ilikuwa siku kubwa kuliko zote. Mwezi wa nne, mvua zikikaribia kuisha, alikuwa akipanda maua yake kwa hesabu ya kichwani, kisha akiyanywesha maji kwa kopo wakati wote wa baridi na vumbi, ili yote yafunguke juma hilo moja.

Wateja walianza kuja kuweka alama zao kwenye maua waliyoyataka. Mama Mbombo, muuza samaki, alikuja na kelele zake zilizomtangulia tangu njia panda.

"Mwambuyi! Mwaka ule mwingine uliniuzisha glayeli zenye hazijafunguka. Nilifika makaburini na bijiti tu. Bwana yangu akaniuliza katika ndoto, weye mwanamuke, uliniletea kuni?"

"Ulifika asubuhi sana, ndugu. Ungengoja saa sita, zingefunguka zote."

"Saa sita mi niko nakula kuku ya batoto yangu! Bwana alipokuwa muzima alinichelewesha. Sasa amekufa anichelewesha tena?"

Mama alicheka. Mama Mbombo, aliyekuwa hajausikia mcheko huo kwa muda mrefu, alimtazama, kisha akanitazama mimi, na kelele zake zikapungua. Alipokuwa akitoka alininong'oneza: "Mwambuyi iko muzima?" Nilimwambia ndiyo. Aliondoka akitikisa kichwa.

Baba peke yake hakusema neno. Aliondoka alfajiri kwenda zamu mgodini na kurudi na uso uliopakwa vumbi; alikula, akasikiliza redio, akalala. Mama alipotaja mashina, aliinuka na kwenda kutazama mnyororo wa baiskeli yake. Nilidhani ni hasira ya zamani.

Na nyumba, licha ya kicheko cha mama, ilikuwa nzito. Jioni aliweka sahani ya bukari, ugali wetu, chini ya uzio, imefunikwa na sahani nyingine, na asubuhi ilikuwa tupu. Mbwa wa mtaani walikuwa wengi, hilo nililijua. Hata hivyo nilipookota sahani ile, nilijikuta nikiishika kwa vidole viwili tu.

*

Siku mbili kabla ya sikukuu niliamka mapema kumsaidia mama kunywesha maji, kwani glayeli hunyweshwa kabla jua halijazipiga. Anga lilikuwa na rangi ya majivu. Niliposhuka ngazi ya jikoni na ndoo mkononi, niliona mtu ameinama kwenye tuta la mwisho.

Nilimwona kwa nyuma. Mabega yaliyoteremka kidogo kushoto, shingo ndefu, namna ya kuinama kwa kukunja goti moja tu. Nilisikia ndoo ikigonga ardhi na maji yakinilowesha miguu, na nilisikia sauti yangu ikiita, "Mbuyi!"

Yule mtu hakukimbia. Alibaki ameinama, mgongo wake umeganda, kwa muda ambao sitausahau, kwa sababu katika muda huo ndugu yangu alikuwa hai. Kisha akageuka. Alikuwa baba, amevaa viatu vyake vya mgodini, na mkononi alishika glayeli nyekundu na kisu chenye pengo.

"Usipaaze sauti," alisema. "Mama yako atasikia."

Nilikitazama kisu. Nilifahamu kabla ya kuuliza. Kisu kile kilikuwa mfukoni mwa Mbuyi, na kutoka mfukoni mwake kingeweza kutolewa na mtu mmoja tu: mtu aliyemkuta.

Baba alifunga ua lile kwenye karia ya baiskeli kwa kamba ya mpira, akanionyesha kwa kidevu nikae juu ya bomba la mbele kama nilipokuwa mtoto. Tulikwenda kwa njia ya Mutoshi. Baridi ilituuma masikio. Tulishuka chini ya kilima kimoja kisicho na miti, kwani udongo wake una shaba nyingi mno hata mizizi huikimbia. Mimea michache tu huvumilia hapo, mifupi, yenye vimaua vya zambarau. Katikati yake palikuwa na mawe yaliyopangwa, na juu ya mawe, glayeli za siku nyingi, zimekauka na kuwa rangi ya chai.

"Iko hapa," baba alisema.

Aliweka ua jipya. Alivua kofia yake.

"Nilimukuta wakati bunduki zilinyamaza. Alikuwa analala kwa upande, mukono chini ya shavu, vile mulikuwa munalala bote babili katika kitanda ya chuma. Risasi ilikuwa ya nani, Mungu anajua. Nilichimba na mikono na kipande ya bati."

"Miaka minne, tata! Juu ya nini haukusema?"

Aliniangalia kwa mshangao, kana kwamba nilipaswa kujua.

"Juu yako."

Akainama, akasawazisha jiwe moja.

"Ningesema, mama yako angelia. Mutaa muzima ungelia. Na pacha haliliwi, Kabanga. Bakimulilia moja, mwenzake anasikia njia na anafuata. Tata yangu alizaliwa na mwenzake. Yule mwenzake akakufa, bakamulilia mpaka sauti zikaisha. Mwezi haukumalizika, tata yangu akafuata. Mi nilikuwa mudogo, nilibona." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa na mutoto moja chini ya udongo na moja juu. Weye ungefanya nini?"

Nilitaka kumwambia kuhusu homa, kuhusu maji machafu, kuhusu mambo mawili yanayofuatana bila moja kuwa sababu ya lingine. Maneno hayo yote niliyajua vizuri. Yalibaki mdomoni mwangu, na badala yake nikauliza kuhusu kisu.

"Niliitoa mufukoni mwake. Mwaka jana nilianza kumuletea maua. Nikawaza, nikimukatia na kisu yake, atajua inatoka kwetu. Sikufikiri mama yako ataangalia shina. Halafu siku moja akaona ule mustari na akacheka. Tangu vita hakuwa amecheka. Basi nikashindwa kuacha."

"Unakata moja, unaacha moja."

"Moja ya huyu," alisema, akionyesha mawe. Kisha akanitazama mimi.

"Na Latifa, tata?"

Uso wake ulianguka. "Huyo mutoto… nikimukuta njiani, naangalia chini."

Tulirudi jua likiwa limechomoza. Nikiwa juu ya bomba la baiskeli, nikisikia pumzi ya baba juu ya kisogo changu, nilijishangaa: nilikuwa nikisikiliza moyo wangu jinsi unavyopiga. Kwa miaka minne mzee huyu alikuwa amelala kando ya mke anayengoja, amekula kimya, amebeba maiti ya mwanawe mgongoni ili mimi nisome, nicheke, niende na kurudi kwa gari moshi. Ningewezaje kuuvunja ukimya uliojengwa kwa ajili yangu? Na kama ningeuvunja, na usiku wa matanga nikapata homa?

Kwa upande mwingine alikuwepo Latifa na jani lake la sombe.

Njiani karibu na kisima nilimwomba baba asimamishe baiskeli.

"Tata, nipe kisu."

"Kabanga…"

"Woga huu ni wangu. Umeubeba vya kutosha. Niachie niubebe mwenyewe."

Baba akaingiza mkono mfukoni, akanipa kisu pamoja na kipande chake cha mpira.

*

Nilimkuta mama akifunga mafungu kwa kamba za mgomba. Niliweka kisu juu ya meza mbele yake, nikarudi nyuma hatua moja. Baba alisimama mlangoni.

Mama alifungua mpira. Alipitisha kidole gumba juu ya makali hadi kilipokwama kwenye pengo. Nilimwona akifuata njia ileile niliyoifuata mimi bustanini: mfukoni, kisha mkono wa baba, kisha udongo. Mdomo wake ulifunguka, na kabla sauti haijatoka macho yake yalinifikia mimi. Akaufunga. Aliingiza ngumi kati ya meno na kuiuma.

"Lia, mama," nilisema.

Akatikisa kichwa.

"Mama, nakuomba. Lia."

"Weye uko," alisema kupitia ngumi yake. "Weye ungali uko."

Baba alimwambia yote, akiwa amesimama, kofia mkononi. Mama hakumlaumu. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto alikuwa amevaa viatu. Baba akasema ndiyo. Baada ya hapo aliendelea kufunga mafungu, na ukimya ulioingia nyumbani ulikuwa mbaya kuliko ule wa kwanza, kwa sababu sasa tulikuwa watatu tunaoushika. Jioni hakuweka sahani chini ya uzio.

Asubuhi ya tarehe mosi wateja walijipanga. Mama aliwahudumia mmoja mmoja, macho makavu kama mawe ya kilima kile. "Asante, Mwambuyi." "Maua mazuri, Mwambuyi." "Mungu akubariki, Mwambuyi." Kila mmoja alimwita hivyo, naye kila mmoja alimwitikia. Mama Mbombo alipofika aliufungua mdomo kutania, akamtazama, akachukua glayeli zake na kuondoka.

Wa mwisho alipotoka, mama aliingia jikoni, akashusha kapu lililoning'inia juu ya moshi, ambamo vitunguu vya masika yaliyopita vilikuwa vikilala. Alichagua jozi moja, vikubwa, vimeshikana ubavu.

"Kabanga, kuya hapa. Shambuyi, na weye."

Tulikuja. Alikishika kitunguu kimoja kwa kila mkono.

"Mi njo niliwabeba pamoja," alisema, na sikujua kama alikuwa anasema nasi. "Hakuna mwingine mwenye kuwatenganisha."

Baba alinyoosha mkono kumzuia. Mama akavunja.

Ilikuwa sauti kavu, ndogo, kama ya ukucha. Niliisikia ubavuni mwangu. Sina njia nyingine ya kuieleza. Alinipa kimoja, kingine akakifunga katika ncha ya kitenge chake, pamoja na kisu.

Nilikwenda kwa Mzee Asani kumwita Latifa, nikamweleza njiani. Alisimama katikati ya barabara, kisha akaendelea kutembea, haraka kuliko mimi.

Kilimani, Latifa alimuuliza baba jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: "Tata, ulimulaza anaangalia wapi?"

Baba, aliyekataa kuketi na mwanawe kwa sababu ya dini ile, aliinua mkono na kuonyesha upande mmoja wa anga. "Kule. Upande ule alikuwa anaangalia akisali. Nilikuwa namubona kupitia dirisha."

Latifa alitazama kule, akafumba macho, akafungua viganja vyake. Alimwita Amadi. Mama alisogeza mawe, akachimba kwa kisu, akakiweka kitunguu chini kabisa, na kisu juu yake, akafunika. Baba alinishika bega kwa nguvu hata nikaumia. Ndipo mama alipolia. Alianza chini sana, kama gari moshi linalosikika kwenye reli kabla ya kuonekana, kisha kilima kizima kikawa sauti yake. Latifa akamfuata. Nami niliyekuwa nimesimama nikingoja jambo fulani linichukue, nikasikia kwamba sauti ya tatu ni yangu.

Vidole vya baba havikuniachia hadi tulipofika nyumbani. Mchana ule, kwa kuwa ni desturi, niliwapikia wazazi wangu kuku. Hakuna aliyekula.

*

Latifa alimaliza eda mvua zikiwa zimekolea. Yuko Dilolo; dereva mmoja wa baba yake aliniletea salamu, akasema ananenepa. Mama bado huitwa Mwambuyi. Anasema mashina ya tuta la mwisho sasa ni laini yote, na kwamba baba huamka jua likiwa juu siku zisizo za zamu.

Kitunguu changu nilikipanda katika kopo la maziwa, kwenye dirisha la bweni. Mwenzangu wa chumba, ambaye kwenye karatasi za chuo, kwa amri ya serikali ya kuacha majina ya kizungu, ni Tshiela lakini kwetu bado ni Adolphine, alinitania kwamba nimekuja Lubumbashi kulima. Kilichelewa kuchipua. Kila asubuhi nilikitazama kabla ya kunawa uso, nikijiambia kwamba ni udadisi tu, na homa ndogo ya mwezi wa kumi niliilala peke yangu bila kumwandikia mtu.

Leo ua la chini kabisa limeonyesha rangi, nyekundu. Huo ndio wakati wa kukata. Niliazima wembe mpya wa Adolphine, nikakata kwa mshazari, juu ya jani la nne. Mkato ulitoka laini kama kioo.

Adolphine ananiuliza natafuta nini. Nimekaa dirishani na shina mkononi, kidole changu kinapita juu ya mkato, kinarudi, kinapita tena.